Binti yangu wa voliboli, mgongo unauma akijipinda nyuma, eksirei imetoka safi. Nifanyeje?

MamaWaMigosi (Kisumu), 17 Mei, saa 3:12 usiku

Jameni, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma nyuzi za humu kimyakimya, leo imebidi niandike.

Binti yangu ana miaka 15, yuko shule ya bweni upande wa Kakamega. Anacheza voliboli, yeye ndiye mpigaji wa pembeni. Tangu mwezi wa tatu analalamika mgongo, chini kabisa, pale mkanda wa sketi unapokaa, zaidi upande wa kushoto. Akipumzika wiki moja unatulia. Akirudi uwanjani, akiruka na kujipinda nyuma ili apige, unamrudia kama amechomwa msumari. Akiinama mbele kufunga viatu hasikii chochote. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana mimi nikiumwa mgongo ni kuinama kunakoniua.

Nesi wa shule alimpa vidonge vya maumivu. Hospitali ya kwanza walipiga eksirei wakasema mifupa iko sawa, ni misuli, akandwe. Mama mkwe ameshampata mama mmoja kule Kondele anayekanda viungo. Mashindano ya kaunti yamebakisha wiki tatu na mwalimu wake hunipigia simu kila baada ya siku mbili. Mtoto mwenyewe anasema hana kitu, lakini jana nilimwona akishuka ngazi amekaza kiuno kama bibi yake. Nishaurini.

Omena_Kavu, 17 Mei, saa 3:40 usiku

Pole mama. Miaka 15 mgongo wa wapi tena? Hiyo ni mikoba ya vitabu. Ondoa godoro, alale kwenye ubao wiki moja. Mimi nilipona hivyo.

Mwl_Wavu (Bungoma), 17 Mei, saa 4:05 usiku

Mama, nasema kama mwalimu wa michezo wa miaka mingi. Wakati wa mashindano kila mtoto ana maumivu. Wengine yanaisha wakisikia jina lao limesomwa kwenye kikosi cha kwanza. Mpashe mwili moto vizuri, umpe maji ya kutosha, usimwingize hofu.

FizioMtaani (Kisumu), 18 Mei, saa 12:20 asubuhi

Mama, kabla ya mengine yote: Kondele msiende. Asikandwe pale, na asikubali mtu amvunjevunje kiuno mpaka kisikike kikilia. Nitaeleza.

Mimi nafanya fiziotherapia. Siwezi kumpima mtu kupitia simu, lakini ulichoandika kinafanana sana na tulichofundishwa darasani: kijana anayekua haraka, mchezo wa kuruka na kujipinda nyuma, maumivu ya chini ya mgongo yanayotulia kwa kupumzika na kurudi kwa kucheza, na kuinama mbele hakuna tabu. Kwa mtu mzima ningeanza kufikiria misuli au zile sahani za kati ya pingili. Kwa mtoto wa hivi nafikiria mfupa kwanza. Mwaka 1995 kule Boston madaktari walilinganisha wanamichezo vijana 100 na watu wazima 100, wote wameletwa kwa maumivu ya mgongo. Kwa vijana, 47 walikuwa na ufa wa mfupa. Kwa watu wazima ni 5.

Ufa wenyewe unakaa wapi? Kila pingili ya mgongo ina gogo nene la mfupa mbele, na nyuma yake pete inayokinga neva. Kwenye pete hiyo, kushoto na kulia, kuna kijidaraja chembamba kinachounganisha kiungo cha juu na cha chini. Ukijipinda nyuma huku umezungusha kiuno, mzigo wote unakifinya kijidaraja hicho. Mara moja haidhuru. Mara mia kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mtoto ambaye mifupa haijakomaa, mfupa unachoka kabla haujapata nafasi ya kujijenga upya. Chukua waya wa hanga uukunje huku na huku, utaona unavyokatika bila hata kutumia nguvu. Madaktari wanaita spondilolisisi, na mara nyingi sana ni pingili ya 5 ya kiuno, ya mwisho kabla ya nyonga.

Sasa eksirei. Ufa mchanga hauonekani kwenye eksirei. Kipimo kinachofaa ni MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, kwa sababu inaonyesha mfupa uliovimba kwa ndani hata kabla haujapasuka waziwazi, na haina mionzi. CT, yaani eksirei ya kompyuta, inaonyesha mstari wa ufa vizuri zaidi, lakini ni mionzi, na huyu ni binti, mnaelekeza mionzi kiunoni. Isipigwe ila daktari akiwa na sababu ya kuihitaji. Ombeni rufaa kwa daktari wa mifupa. Mpaka hapo, hakuna kuruka, hakuna kukimbia. Wiki tatu za kaunti zimekwenda, mama. Samahani kukuambia hivyo asubuhi asubuhi.

Mwl_Wavu, 18 Mei, saa 1:15 asubuhi

Daktari, umemfungia mtoto msimu mzima kwa aya nne.

FizioMtaani, 18 Mei, saa 1:31 asubuhi

Mwalimu, MRI ikitoka safi nitakuja hapa hapa uniseme.

Nyar_Alego, 18 Mei, saa 4:50 asubuhi

Niongeze jambo ambalo Fizio hakuligusa. Binamu yangu alikuwa kipa, mgongo ukaanza, sote tukasema ni mpira. Alikuwa anatoka jasho usiku, nguo zinampwaya, maumivu hayamwachi hata akilala. Ilikuja kujulikana ni TB ya mgongo, wakati huo miguu imeanza kulegea. Alitibiwa na anatembea, lakini tulipoteza miezi mingi tukimpaka marhamu. Mama, muulize mtoto kama ana homa, kama anaamshwa na maumivu usiku, kama amepungua mwili. Na huku kwetu Nyanza, kama mtoto ana selimundu, mwambieni daktari mapema, mifupa ya hao inaumwa kwa njia zake.

FizioMtaani, 18 Mei, saa 7:02 mchana

Ahsante dada, nimekosea kuliacha hilo. Ongeza miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, ganzi sehemu za kukalia, au mkojo na choo kutoka bila kujijua. Hayo hayangoji kliniki ya Jumatatu, ni dharura usiku huo huo.

KifaruWaNakuru, 18 Mei, saa 2:30 usiku

Mimi ndiye yule ambaye hakusikia. Nilikuwa namba 8 kwenye timu ya raga ya shule, hapa Nakuru, miaka 17. Mgongo ulianza hivyo hivyo, ukijipinda nyuma unauma, ukiinama raha. Mtu mmoja alikuwa akinichoma sindano ya maumivu asubuhi ya mechi. Nilikuwa naingia kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana, sisikii kitu, jioni natoka nikitambaa mpaka kitandani. Nilicheza hivyo misimu miwili na tulishinda mengi, sitasema uongo kwamba sikufurahia.

Nilipopigwa picha nina miaka 24, nyufa zilikuwa pande zote mbili na pingili imeteleza mbele kidogo. Daktari alinipa jina refu, spondilolistesisi, daraja la kwanza. Niliuliza kama nitapooza, akacheka, akasema kuteleza kidogo namna hiyo watu wengi wanaishi nako bila hata kujua. Ni kweli. Leo nina miaka 36, naendesha lori mpaka Malaba, nabeba watoto wangu. Upasuaji sijafanyiwa. Lakini raga ilikwisha pale, na nikikaa kwenye foleni ya Malaba siku mbili mgongo unanikumbusha kila mechi kwa jina.

Kwa hiyo mama, sikutishi na kiti cha magurudumu. Nakuambia tu kwamba ile nafasi ya mfupa kuunga ikipita hairudi.

Kriketi_Ziwani (Kisumu), 18 Mei, saa 3:55 usiku

Sisi wa kriketi ugonjwa huu ndio mkate wetu. Warushaji wa kasi ndio wanaoongoza, na kwao ufa hupenda kukaa upande ulio kinyume na mkono wa kurushia. Mama amesema kushoto. Binti anapiga kwa mkono gani? Muulizeni pia Pat Cummins, mrushaji wa kasi wa Australia. Alicheza Test yake ya kwanza, zile mechi za kimataifa za siku tano, Novemba 2011 akiwa na miaka 18, mgongo ukampasukia tena na tena, Test ya pili akaicheza Machi 2017. Miaka mitano na zaidi! Baadaye akawa nahodha wa nchi yake.

MamaWaMigosi, 18 Mei, saa 4:20 usiku

Anapiga kwa mkono wa kulia. Nimeshtuka. Homa hana, selimundu hana, usiku analala vizuri. Kondele nimeahirisha, mama mkwe amenuna.

MamaWaMigosi, 30 Mei, saa 2:08 usiku

Nimerudi. Kupata rufaa na nafasi ya MRI kulichukua muda, na habari za bima sitaki kuzianza maana nitalia. Majibu: pingili ya 5, upande wa kushoto, mfupa umevimba kwa ndani na mstari wa ufa umeanza, haujapasuka kupita. Upande wa kulia ni mzima. Hakuna kuteleza. Daktari wa mifupa amesema ni mapema, tumshukuru Mungu. Miezi mitatu bila mchezo wowote, fiziotherapia, na tuamue wenyewe kama tunataka mkanda ule mgumu wa mgongo. Bei yake ni ya kununua mbuzi wawili. Fizio, ninunue?

FizioMtaani, 30 Mei, saa 3:00 usiku

Pole, na hongera, yote mawili. Upande mmoja na mapema ndiyo hali nzuri kuliko zote za ugonjwa huu. Uchambuzi uliotoka mwaka 2009 ulikusanya tafiti 15. Nyufa za mapema, mfupa uliunga kwa karibu asilimia 68. Zilizokwisha komaa na kuwa sugu, sifuri. Za upande mmoja asilimia 71, za pande zote mbili 18. Na tukiacha picha tukamtazama mtu mwenyewe, karibu asilimia 84 walikuwa wanaendelea vizuri baada ya mwaka mmoja au zaidi bila upasuaji, wakiwemo wengi ambao mfupa haukuunga kabisa.

Mkanda: katika uchambuzi huo huo, waliovaa na wasiovaa walikaribiana mno. Kinachotibu ni kuacha kucheza. Wapo madaktari wanaoupenda kwa sababu unamkumbusha mtoto asijipinde, na mtoto asiyetulia unaweza kumsaidia. Wako ukiona anasikia, hao mbuzi waache malishoni. Pesa hiyo inunue mayai, maziwa na nauli ya kuja kliniki.

Dawa za maumivu siku zisizo na maumivu, hapana. Zinaficha kipimo tunachokitegemea.

Mwl_Wavu, 30 Mei, saa 3:24 usiku

Nimesoma. Daktari, sina la kukusema. Mama, pole.

Omena_Kavu, 30 Mei, saa 3:30 usiku

Na ubao?

FizioMtaani, 30 Mei, saa 3:33 usiku

Ubao tengenezea rafu ya viatu. Alale kwenye godoro la kawaida linalomfaa.

MamaWaMigosi, 31 Mei, saa 1:45 usiku

Swali ambalo daktari hakuniuliza: anarudi bweni. Huko kuna kuchota maji kwa ndoo, kupiga deki, kufagia na ule ufagio mfupi, na prepu ya usiku kwenye mabenchi yasiyo na pa kuegemea. Wanaamshwa saa kumi na nusu. Mazoezi kabla ya chai. "Asicheze" peke yake inatosha?

FizioMtaani, 31 Mei, saa 2:50 usiku

Hili ni swali la mama wa Kikenya na halimo kwenye kitabu changu chochote. Muombe daktari barua inayotaja vitu kwa majina: asibebe ndoo, asipige deki, asiruke, asikimbie, apewe kiti chenye mgongo, aruhusiwe kusimama darasani kila baada ya nusu saa. Barua ikisema tu "kazi nyepesi", kila mtu atatafsiri anavyotaka.

Halafu nikuulize kitu cha kike, unisamehe, ila kina maana. Hedhi zake zinakuja? Mtoto anayeamka saa kumi na nusu, anafanya mazoezi tumbo tupu, kisha anakula githeri nusu sahani kwa sababu kengele imelia, mwili wake hauna akiba ya kujenga mfupa. Mwili ukikosa nishati, hedhi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimwa, na mfupa unafuata.

MamaWaMigosi, 31 Mei, saa 3:15 usiku

Haki sikuwa nimeunganisha. Nimemuuliza. Tangu Februari hajaona. Hakuniambia kwa sababu wenzake kwenye timu walimwambia ni kawaida kwa wachezaji, na zaidi anaona ni afadhali.

Nyar_Alego, 31 Mei, saa 3:22 usiku

"Kawaida kwa wachezaji." Hata sisi tuliambiwa hivyo hivyo.

FizioMtaani, 31 Mei, saa 3:41 usiku

Si kawaida. Miezi mitatu au zaidi, daktari aijue, apimwe damu, pamoja na vitamini D na madini ya chuma, na ujauzito uondolewe kwenye hesabu bila ugomvi. Chakula kiongezwe kabla ya dawa yoyote. Omena nzima na mifupa yake, maziwa lala, mayai, kunde, njugu karanga mfukoni wa sare. Ugali hatumnyimi.

Omena_Kavu, 31 Mei, saa 3:43 usiku

Hatimaye nimetajwa kwa wema.

MamaWaMigosi, 8 Julai, saa 2:30 usiku

Wiki ya sita. Naandika kwa hasira. Tangu wiki ya tatu hana maumivu hata kidogo. Ijumaa timu ilicheza, mpigaji wao mwingine akaumia kifundo, na kuna mtu mzima aliyemwambia binti yangu, "wewe si umepona, ingia seti moja tu." Akaingia. Nimejua Jumapili, kupitia mwenzake. Leo kijimaumivu kimerudi. Nimemgombeza, yeye kalia, mimi nikalia.

KifaruWaNakuru, 8 Julai, saa 2:52 usiku

Usimgombeze sana. Mkiwa kumi na wawili mmevaa jezi moja na mwenzako yuko chini anashika mguu, kukaa benchi kunaonekana usaliti. Mimi ningeingia.

FizioMtaani, 8 Julai, saa 3:10 usiku

Maumivu huisha katika wiki chache. Mfupa unahitaji miezi. Katikati hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa sababu mwili umewaambia ukweli nusu. Seti moja haijafuta wiki sita, usikate tamaa. Arudi kwa daktari akaguliwe, na wiki mbili hizi asiongeze chochote kwenye mazoezi yake mpaka kile kijimaumivu kipotee.

Tena mazoezi yenyewe muyashikilie, maana kulala tu kunamrudisha dhaifu. Alipokuja kliniki nilimpa matatu: daraja, yaani alale chali ainue nyonga bila kuupinda mgongo, mende, yaani alale chali kama mende aliyepinduliwa, anyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili huku kiuno kimegusa sakafu, na kupiga magoti na mikono chini akinyoosha mkono na mguu kinyume, polepole. Pia anyooshe misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga. Na bega lake la kulia nililipima, ni gumu kama mlango wa kanisa. Bega lisipofunguka, mkono unaenda kuazima mwendo kiunoni kila anapopiga. Nusu ya tiba ya huo mgongo iko begani.

Mwl_Wavu, 9 Julai, saa 12:40 asubuhi

Nimelala na jambo hili. Nilipoandika mwezi wa tano nilikuwa na msichana wangu mwenyewe kikosini ambaye nilikuwa namwona "mvivu wa kuruka". Nikampeleka. Ni ufa, pande mbili.

Mashindano yetu mnayajua. Mechi mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, uwanja wa murramu au saruji, na kabla yake wiki mbili za kambi ambapo mtoto anapiga mpira mpaka jua lizame kwa sababu mwalimu jirani naye anafanya hivyo. Sikuwahi kuhesabu. Wiki hii nimemkalisha mwanafunzi mmoja pembeni na kalamu. Mpigaji wangu mkuu aliruka mara 214 kwa zoezi la jioni moja. Mia mbili na kumi na nne! Mimi mwenyewe nikiruka mara kumi naita gari la wagonjwa.

Kriketi_Ziwani, 9 Julai, saa 1:05 asubuhi

Mwalimu, heshima. Kriketi imeweka ukomo wa mirusho kwa vijana katika nchi nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Voliboli yetu huku inahesabu pointi tu.

MamaWaMigosi, 2 Septemba, saa 2:15 usiku

Miezi mitatu imetimia. Daktari amemjaribu: ajipinde nyuma, asimame mguu mmoja ajipinde nyuma, aruke. Hakuna maumivu. MRI ya pili hakuitaka, amesema anamtibu mtoto, hatibu picha, na mtoto yuko vizuri. Hedhi imerudi Agosti baada ya vita vya chakula. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akituma omena shuleni, naona tumepatana.

FizioMtaani, 2 Septemba, saa 2:48 usiku

Hapo sasa. Wiki mbili za kwanza kukimbia mbele tu. Halafu kuruka kwa miguu miwili bila mpira. Halafu kupiga mpira amesimama, kuanzia 15 hivi kwa siku, siku moja acha moja. Kuruka na kupiga ni mwisho kabisa, na kuanzisha mpira kwa kuruka ni mwisho wa mwisho. Kila hatua isiwe na maumivu siku hiyo wala kesho yake, ndipo apande ngazi inayofuata. Yakirudi, ashuke ngazi moja.

MamaWaMigosi, 9 Novemba, saa 1:30 usiku

Likizo. Amefunga kamba kati ya mwembe na nguzo ya stima, anapiga mpira amesimama na sasa ameanza kuruka kidogo. Ana daftari. Anachora mistari minne na wa tano unaikata. Leo amefika 25, mpira ulikuwa unakaa vizuri, mdogo wake akamwomba amrushie mmoja zaidi. Akakataa, akaketi kwenye ndoo akafunga daftari. Mdogo wake amenuna.

Mwl_Wavu, 9 Novemba, saa 1:52 usiku

Mama, hilo daftari ni la kawaida au la miraba ya hesabu? Nanunua ya kikosi kizima Jumatatu.

MamaWaMigosi, 9 Novemba, saa 1:58 usiku

La miraba. Anasema mistari inakaa sawa.